TAYA LA DALALI: Vikombe Viwili Mezani

Wasomaji mliobishana tangu wiki iliyopita kama Fundi atakata au hatakata, kaeni vizuri. Alikata.

Lakini hakukata kabla ya kung'ang'aniwa.

Mnakumbuka tulipomwacha. Mumewe, Dalali, amejikunja ukingoni mwa kitanda, macho yamemtoka pima, uji unamrudi kooni na hauna pa kutokea. Mataya yake yamefungwa kwa nyaya, la juu na la chini, kama mlango wa duka siku ya msiba. Mtu wa namna hiyo akitapika, matapishi hugonga meno yakarudi ndani. Anazama akiwa nchi kavu.

Koleo la kukatia nyaya lilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, kama hospitali ilivyoagiza. Fundi alilichomoa. Na mama mkwe, kikombe bado mkononi, akamdaka mkono.

"Uwii! Jamani! Anammaliza mwanangu!"

"Mama, niachie!"

"Ulianza na nyundo, sasa unamalizia na koleo!"

Fundi hakuwa mtu wa kumsukuma mkwewe. Siku hiyo alimsukuma. Mama mkwe akaketi sakafuni bila kupenda, kikombe kikamwagikia kifuani. Fundi akamshika mumewe kisogo, akamwinamisha, akapenyeza ncha ya koleo kati ya shavu na ufizi. Ka! Ka! Upande wa pili. Ka! Mkono uliozoea kung'oa misumari kwenye soli za viatu ulijua pa kupita.

Taya likaachia. Kilichotoka kilitoka kwa kishindo, kizito, cha kahawia, mabonge matupu.

Dalali akavuta pumzi kama mtu aliyezaliwa upya. Fundi naye akavuta ya kwake. Kisha akanusa.

Chokoleti?

Asubuhi ile, kabla ya kwenda kibandani kwake, aliacha jikoni uji wa shayiri uliochujwa mpaka ukawa mwepesi kama maji ya mchele. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na chokoleti.

"Mama," alisema polepole, "umempa nini?"

"Chakula," mama mkwe alijibu kutoka sakafuni. "Kile ambacho mkewe anamnyima."

Nyuma yake, juu ya stuli, lilikaa kopo jeusi kubwa kama ndoo ya rangi. Kwenye kopo palichorwa mwanamume asiye na shingo.

*

Kwa aliyeingia leo bila kubisha hodi, mambo yako hivi. Dalali ni dalali wa mnada. Sauti yake ndiyo jembe lake. Mtu huyu aliwahi kumuuzia mnunuzi kabati lisilo na mlango, na mnunuzi akashukuru. Kisha siku moja Fundi alirudi kutoka kazini akamkuta mumewe damu chapachapa, taya limekwenda upande, mama mkwe amesimama pembeni akidai alikuwa jikoni na alisikia kishindo tu.

Dalali hakuweza kusema. Aliandika kwenye simu maneno mawili: "Niliteleza bafuni."

Nani aliamini? Siku hiyo maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima. Bafu lilikuwa kavu kama kiberiti.

Hapo ndipo mama mkwe alipotunga yake. Kwamba mwanamke wa nyundo alimpiga mumewe kwa nyundo, halafu akaenda zake kazini. Kwamba mwanawe anasema bafuni kwa aibu ya mwanamume. Maneno yakatoka uani, yakaruka ukuta, yakafika sokoni kabla ya jioni. Fundi akapewa jina: Mvunja Taya.

Siku ile ya koleo walimrudisha hospitalini. Daktari alimulika mdomo, akabonyeza, akaguna.

"Mfupa umeshika, lakini umeshika kama gundi iliyotiwa maji. Bwana, unajengwa na nini? Tazama mikono hii. Huyu ni mgonjwa wa taya au wa njaa?"

"Muulize mkewe," mama mkwe akadakia.

Daktari hakumtazama. "Sirudishi nyaya. Naweka mipira hii midogo. Inashika vizuri, ila inavuliwa kwa kidole ikitokea dharura. Dharura, bwana, siyo mazungumzo. Kila asubuhi uji wako utiwe unga wa protini. Ukirudi hapa umekonda zaidi ya hivi, nitakupasua shavu nikutie chuma."

Mama mkwe alikuwa amebeba lile kopo jeusi kama mtoto. Akalitua mezani. "Unga tunao. Wa mkwe wangu, mume wa binti yangu. Ana ukumbi wa mazoezi, anaufahamu mwili wa mtu nje ndani. Wanaume wanainua vyuma kwa unga huu."

Daktari aligeuza kopo, akasoma mgongoni. "Maziwa. Sukari. Sukari tena kwa jina jingine. Bwana, wewe na maziwa mnapatana?"

Dalali akatikisa kichwa. Akachora hewani tumbo la mimba.

"Hayamkai," Fundi akasema. "Akinywa kikombe kimoja, hatulali nyumba nzima."

"Uongo! Mwanangu nimemnyonyesha mwenyewe!"

"Mama, huyu ana ndevu sasa," daktari akasema. "Ulitia vijiko vingapi?"

Mama mkwe akasema kwa sauti ndogo, "Mpaka kikawa kizito. Uji wa mgonjwa lazima usimame."

Hapo Fundi aliona kitu asichokitarajia. Yule mama alikuwa anaogopa. Alikuwa amelichukua tena kopo, mikono imelikaza mpaka vidole vikawa vyeupe. Lakini huruma haikupata hata nafasi ya kukaa, maana palepale alimgeukia na kusema, "Lakini mimi sijamkata mtu mdomo kwa koleo."

Daktari alifunga faili. "Unga bora kwake ni ule utakaobaki tumboni. Mengine yote ni picha ya kopo."

Kwenye gari la kurudi nyumbani, mama mkwe aliketi mbele akimlilia dereva. Nyuma, Fundi alimsogelea mumewe sikioni.

"Sasa mdomo unafunguka. Nani alikupiga?"

Dalali alitazama dirishani.

"Nakuuliza tena. Mimi ndiye naitwa Mvunja Taya. Nani?"

Aliendelea kutazama dirishani, kana kwamba maduka yale hajawahi kuyaona. Fundi akajirudisha kwenye kona yake ya kiti. Kuna hasira inayopiga kelele na kuna hasira inayokaa kimya na kunoa kisu. Ya kwake ilikaa kimya.

*

Kesho yake kibandani, mteja wa kwanza hakuleta viatu. Alikuja kuchukua.

"Havijakwisha, dada. Kisigino kimoja bado."

"Nipe hivyohivyo. Nitachechemea. Sitaki ugomvi na watu wa nyundo."

Fundi alimpa. Akakaa kidogo na kile kisigino kilichobaki mkononi, kisha akafunga kibanda, akaenda duka la dawa.

Muuza dawa alikuwa mwanamke wa miwani, mkali kama pilipili ya kijani. Makopo ya protini alikuwa ameyapanga rafu ya juu, mbali na mikono ya watu wasionunua. Fundi akaomba ngazi, akanyimwa, akapanda juu ya kreti.

"Unasoma au unanunua?"

"Nasoma ili ninunue."

"Yote ni protini. Chukua moja ushuke."

"Na viatu vyote ni viatu," Fundi akajibu, "ila ukivaa vya mwenzio utatembea kama bata."

Aliyasoma migongo, nyuso akaziacha. Uso wa kopo ni uso wa harusi, kila mtu anacheka. Mgongoni ndiko kuna ukweli. La kwanza, maziwa. La pili, maziwa yaliyobadilishwa jina. La tatu, soya, lakini sukari imetangulia mbele kama bwana arusi. La nne lilikuwa na dawa ya kuchangamsha mwili, ya watu wa mazoezi, nalo akalirudisha haraka. Mtu aliyelala na taya bovu achangamke aende wapi?

Pembeni kabisa palikuwa na pakiti mbili ndogo zisizo na picha ya mtu yeyote. Moja ya soya tupu. Nyingine ya njegere.

"Hizo hazina ladha," muuza dawa akasema. "Watu huzirudisha."

"Mgonjwa wangu hana pa kuzirudishia. Nipe zote mbili."

Kwa mara ya kwanza yule mwanamke alivua miwani. "Wewe si ndiye yule... wa taya?"

Fundi alipokea pakiti zake. "Ndiye mimi. Na nyundo nimeiacha kibandani, kwa hiyo usiogope kunipa chenji."

Nyumbani alijifungia jikoni na chujio, vikombe na mrija. Soya aliitia kwenye uji wa moto, ikaganda mabonge, mrija ukaziba. Njegere akaikoroga kwanza kwa maji baridi, ikalainika, akaimwaga taratibu kwenye uji vuguvugu. Ikapita kwenye mrija bila kinyongo. Akaonja. Akafumba macho.

Akampelekea mumewe. Dalali alivuta mara moja, akanyanyua nyusi, akanyoosha kidole ukutani. Kisha akaujongelea ule ukuta, akajifanya anaulamba.

Fundi alikusudia asicheke. Hakuwa amemsamehe mtu huyu. Lakini kicheko kilimponyoka puani, na Dalali naye akatetemeka mabega kwa kicheko cha mdomo uliofungwa, mpaka akashika shavu kwa maumivu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka ndani ya chumba kile tangu balaa lile.

Akarudi jikoni, akaponda ndizi mbivu, akaichuja, akachanganya. Safari hii Dalali alivuta mpaka mrija ukalia kikombe kitupu. Wakangoja, wanatazamana kama watu waliotega mtego. Tumbo halikusema kitu.

Uji ulikaa. Kesho yake ukakaa. Asubuhi baada ya asubuhi ukakaa, na mashavu ya Dalali yakaanza kurudi yalikotoka.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga.

*

Mume wa wifi yake Fundi, yule mwenye ukumbi wa mazoezi, watu humwita Kifua, kwa sababu hutangulia kufika kifua halafu yeye. Habari kwamba unga wake ulimziba mtu pumzi zilifika ukumbini kwake kwa miguu ya mama mmoja jirani. Wateja wakaanza kurudisha makopo meusi, mengine yameliwa nusu.

Asubuhi moja Fundi alitoka bafuni, taulo kichwani, akakuta gunia barazani. Ndani ya gunia palikuwa na nguo zake, viatu vyake vya sikukuu, na juu kabisa, nyundo.

Wifi alikuwa anafunga kamba.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nakusaidia kusafiri. Umemvunja kaka yangu, sasa unamvunjia mume wangu biashara. Unataka kubakiza nini?"

"Kopo la mumeo lilikaribia kumuua kaka yako."

"Na wewe unamlisha njegere! Njegere, wifi! Kaka yangu ni njiwa?"

"Njiwa anapumua," Fundi akasema. Akaingia ndani na taulo lake.

Sebuleni mama mkwe alikuwa ameketi kiti cha katikati, kanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyejiandaa kwa mapambano. Kifua alisimama dirishani, akaziba mwanga. Dalali aliketi mezani. Mbele yake palikuwa na vikombe viwili, kila kimoja na mrija wake. Kimoja cha kahawia. Kingine uji mweupe wa Fundi, ambao alikuwa ameuacha jikoni upoe.

"Njoo," mama mkwe akasema. "Leo mambo yaishe. Mwanangu, mimi mama yako nimekukorogea kikombe hiki. Safari hii nimetia kijiko kimoja. Yule kakukorogea kile. Utakachokunywa, aliyekikoroga ndiye atabaki ndani ya nyumba hii. Mwingine gunia lake liko barazani."

"Na gunia lako, mama, liko wapi?" Fundi akauliza. "Naona limefungwa moja tu."

"Mdomo!" Wifi akafoka kutoka mlangoni.

Dalali alitazama vikombe. Hakusogeza mkono.

Fundi alisubiri. Mumewe bado hakusogeza mkono, na ndani ya Fundi kikaja kile kisu kilichokuwa kinanolewa tangu ndani ya gari.

"Mimi siwekwi mnadani," alisema. "Kama mume wangu anahitaji kikombe ili ajue mkewe ni nani, basi kunyweni vyote viwili." Akainama, akavaa viatu vyake vya kazi, akaanza kufunga kamba.

Kifua aliona mambo yanamwendea sawa, akaongeza la kwake. Laiti angenyamaza. Lakini mdomo huponza kichwa, na kichwa cha Kifua hakikuwa na kinga yoyote.

"Kabla hujaenda, shemeji, utapita mtaani useme unga wangu hauna kosa. Sitakubali jina langu lichafuliwe. Watu wanasema eti kopo langu limeharibu taya la mtu! Mimi naujua mwili. Kopo halivunji taya. Hata nyundo isingevunja vile, ingesaga. Lile ni la ngumi. Ngumi moja tu, tena ya haraka, ya mtu ambaye hata hakukusudia..."

Akaushusha mkono wake wa kulia.

Fundi alikuwa ameinama bado, kamba ya kiatu mkononi. Akainuka polepole.

"Ngumi?"

"Nasema kwa mfano."

"Mume wangu aliandika bafu. Mama akasema nyundo. Mtaa mzima unaimba nyundo. Ngumi umeitoa wapi, shemeji?"

"Nakisia. Mtu wa mazoezi anakisia."

"Na kwamba hakukusudia, hilo nalo umelikisia?"

Wifi alikuwa amekuja mpaka katikati ya chumba. Alimtazama mumewe mkono wa kulia, kisha akamtazama usoni. "Ile siku ulirudi umefunga kitambaa vidoleni," akasema. "Ukaniambia chuma kimekudondokea."

"Mke wangu, twende nyumbani."

"Ulisema chuma."

"Twende nyumbani nimesema!"

"Hakuna anayekwenda," mama mkwe akasema, lakini sauti ilikuwa imepoteza mifupa.

Ndipo Dalali aliposogeza mkono.

Alichukua kikombe cheupe. Akakinywa taratibu mpaka mwisho, watu wanne wakimtazama koo linavyopanda na kushuka. Akakiweka. Kisha akaingiza kidole mdomoni, akavua mpira mmoja, akavua wa pili, akavua wote, akaipanga juu ya meza.

"Daktari amekataa," Fundi akasema, bila kujua amesema.

Taya lilifunguka kidogo tu, upana wa kidole. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya mnadani. Ilikuwa sauti ya mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Kifua alinipiga."

Wifi akaziba mdomo wake kwa mikono miwili.

"Lakini hakuja mwenyewe," Dalali akaendelea. Kila neno lilimchoma, ilionekana machoni. "Aliitwa. Mama, waambie aliyemwita."

Mama mkwe alivuta kanga yake, akaikaza upya kiunoni.

Fundi hakumtazama mama mkwe. Alimtazama mumewe.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Siku zote hizi naitwa Mvunja Taya. Nimepoteza wateja. Nimetemewa mate sokoni. Nimekulisha kwa mrija na mikono hii, na ulijua."

"Ni mama yangu."

"Na mimi ni nani?"

Dalali alisukuma kikombe kitupu mbele yake.

Mama mkwe aliinuka. Alionekana amezeeka kati ya kiti na kusimama. Na akatoa neno ambalo Fundi hakuwahi kulisikia kwake tangu alipoolewa. Alimwita Fundi mwanawe.

"Mwanangu," alisema, "nenda ufunge mlango. Nitakalosema si la majirani."

Fundi alikwenda mlangoni. Barazani, ng'ambo ya gunia, majirani walikuwa wamekwisha kujaa, shingo ndefu, wengine na miswaki mdomoni. Alishika kitasa. Kisha akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Nilipoitwa Mvunja Taya walisikia," akasema. "Wacha wasikie na hili. Sema, mama."

Mama mkwe alitafuta uso wa kumwonea huruma pale chumbani. Hakuupata. Kifua alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilimwita Kifua amnyamazishe mwanangu," alisema hatimaye. "Sikumwambia ampige. Nilimwambia amshike, amtulize, asipige kelele uani watu wakasikia. Alikuwa amerudi kutoka mnadani kama kichaa. Anasema mzee mmoja ameleta kabati kuuza. Anasema mzee yule amemwita Kinanda."

Wifi akashtuka. Kinanda lilikuwa jina la kaka yake la utotoni, kwa vile alivyokuwa akilia kwa sauti ndefu. Halikuwahi kutoka nje ya nyumba ile. Waliolijua walikuwa wanne, na mmoja wao walikwisha kumzika wakiwa wadogo.

"Mama," Wifi akasema, "usiseme."

"Baba yenu hakufa."

Barazani mtu mmoja aliangusha mswaki.

"Hakufa," mama mkwe akarudia, na sasa machozi yalimtoka bila kufutwa. "Aliondoka kwa miguu yake. Mimi ndiye niliyewaambia amekufa."

"Lakini kuna kaburi!" Wifi alipiga kelele, akamshika mamake mabega kwa nguvu. "Kila mwaka tunalipalilia! Nimelilia juu ya lile kaburi tangu mtoto, mama, nimelisimulia harusi yangu! Kama baba yupo hai, yule aliyelala mle ni nani?"

Mama mkwe alimtazama Kifua, kana kwamba jibu analo yeye. Na Kifua, kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, alionekana mdogo kuliko kifua chake.